Unga Wangu Ndani ya Mfuko wa Kipimo

Kuna wanaume wanaoonea wivu simu ya mke, wengine bosi wake, wengine yule jamaa aliyesoma naye. Huyu ninayetaka kuwaambia habari zake alimwonea wivu mwuza unga. Usicheke bado. Ukimsikiliza vizuri utaona hoja anayo. Hoja mbovu, lakini anayo.

Anachonga funguo. Kibanda chake kimebanwa kati ya duka la madaftari na jamaa wanaotengeneza simu, na ukinyoosha mikono yote miwili umegusa kuta zote. Funguo ambazo hazijachongwa zimening'inia ukutani kwa mamia. Mezani kuna mashine, mswaki wa kuifutia, na redio inayoshika stesheni moja tu, nayo ni ya matangazo ya vifo. Ana miaka arobaini na mbili. Ufunguo wake ukikataa kufungua anakurudishia hela bila maneno. Watu wanamwita Fundi, nami sina jina zuri zaidi ya hilo.

Mkewe ni katibu wa shule. Miaka mitatu iliyopita alikuwa anaisha mbele ya macho ya watu. Tumbo linajaa, nywele zinakatika, anaamka asubuhi amechoka kama mtu aliyebeba mawe usingizini. Wakamtibu minyoo. Wakamtibu vidonda vya tumbo. Mmoja akamwambia apunguze mawazo, kana kwamba mawazo yana swichi. Mwisho daktari wa tumbo akampima damu, akamwingiza kamera, akampa jibu: siliaki. Mwili wake unapigana na gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike ukiukanda. Ngano basi, shayiri basi, na siyo kupunguza, kuacha kabisa. Hata chembe.

Watu wakisikia hivyo wanadhani ni kuacha mkate tu. Jaribu wiki moja uone. Sosi ya soya ina ngano. Soseji nyingi zina ngano. Viungo vya pakiti, vingine vimejaziwa unga. Viazi vya mgahawani vimekaangwa kwenye mafuta yaleyale yaliyokaanga samaki wa kuviringishwa kwenye unga. Na siagi ya nyumbani ina makombo, kwa sababu kuna mtu, simtaji, amechovya kisu alichokatia mkate wake. Basi mke akajitengea rafu ya juu, ubao wake, kisu chake, chujio lake, na siagi iliyopakwa rangi ya kucha kwenye kifuniko ili huyo mtu asijifanye hajaona. Kwenye sherehe anakula kwanza nyumbani, kisha anafika na kushika soda. Mashangazi wanamkodolea macho: "Unajikondesha kwa ajili ya nani, wewe?"

Hayo yote Fundi aliyameza. Alikubali kulia mkate wake barazani, na makombo akayakung'uta nje kabla ya kuingia. Kilichomshinda kumeza ni Kipimo.

Kipimo ana duka la nafaka, mitaa miwili kutoka kwao. Jina alipewa kwa ajili ya mizani. Ukimwambia "weka tu, inatosha", yeye anainama na kuondoa punje tatu. Alifiwa na mke siku nyingi. Shati lake limepigwa pasi hadi mikononi, na miwani ya kusomea inaning'inia kifuani kwa kamba. Hiyo miwani ndiyo ilianzisha mambo. Mke wa Fundi alikuwa amesimama dukani anahangaika na maandishi madogo nyuma ya pakiti, yale yaliyoandikwa ili yasisomwe, Kipimo akavaa miwani na kunyoosha mkono.

"Lete nikusomee, dada. Hii hapana. Wameandika kimea, na kimea ni shayiri hiyohiyo. Hii pia hapana. Hii... ngoja. Hii sawa."

Tangu siku hiyo, hakuna pakiti iliyoingia nyumbani bila kupitia pua ya Kipimo. Kisha akaanza kumtengenezea unga wa mchele. Anausaga, anautia kwenye mfuko wa khaki, anakunja mdomo mara mbili, anaandika tarehe kwa kalamu nene. Halafu anatuma ujumbe: "Dada, unga wako umetoka leo. Nimekuwekea." Mke anasoma, anatabasamu. Fundi yuko pale kwenye kochi, anaona lile tabasamu linavyoanzia upande mmoja wa mdomo na kuhamia wa pili.

"Tabasamu lile lilikuwa langu," aliniambia, akiwa anachonga ufunguo wangu, wala sikuwa nimemwuliza. "Nilikuwa nalipata nikitengeneza kitasa. Sasa linapewa mfuko wa unga."

Na kibaya zaidi, kwa kuwa alimwita mke wa Fundi dada, Kipimo alimwita Fundi shemeji. Kwa sauti, mbele za watu, kila akipita. "Shemeji! Karibu, shemeji!" Fundi anainua mkono huku meno yamebana. Shemeji wa wapi? Harusi ilikuwa lini?

Siku moja akashindwa kujizuia. Walikuwa mezani, yeye na wali wake, mke na wali wake, maana kwenye wali angalau wanakutana.

"Huyo Kipimo mbona analijua tumbo lako kuliko mimi?"

"Kwa sababu anauliza."

"Na mimi siulizi?"

"Wewe unauliza kama nimepona. Miaka mitatu, baba, unaniuliza kama nimepona. Mafua haya?"

"Basi kuanzia sasa unga nitaleta mimi."

Mke akaweka kijiko chini. Akacheka mpaka akajifuta macho. "Wewe? Wewe uliyeniletea biskuti zisizo na sukari ukaniambia ni zilezile tu? Mwache Kipimo afanye kazi yake, bwana."

Mwanamume akiambiwa maneno hayo na mke, achague: acheke naye, au akalale nayo. Fundi alilala nayo siku nne. Ya tano ilikuwa Jumamosi.

Mpango wake ulikuwa hivi. Anunue mchele uleule, ausage mwenyewe, autie ndani ya mfuko wa Kipimo, wenye mwandiko wa Kipimo. Mke aoke mkate, ale, asifu. Akishasifu, yeye asimame na kusema: unga huo ni wangu. Uso wa mke ungekuwaje hapo, alikuwa ameshauona kichwani mara ishirini. Alioga vizuri siku hiyo kana kwamba anakwenda kuposa.

Mashine ya kusaga iko nyuma ya soko, nayo ni moja kwa mtaa mzima. Msagaji ni mama mnene mwenye nyusi nyeupe kwa unga. Adhuhuri ya Jumamosi foleni inafika barabarani. Mbele ya Fundi alikuwepo mwanamke mwenye ndoo. Alimwona anamimina ndoo ile mdomoni mwa mashine. Aliona ni ngano. Nasisitiza hapo kwa sababu yeye mwenyewe anapasisitiza: aliona. Lakini alikuwa akifikiria uso wa mke na sauti ya "karibu, shemeji", na zamu yake ikafika, akamimina. Alivyofikiri ni kwamba ngano imeshatoka, imeingia kwenye ndoo ya mwenyewe, imekwenda zake.

Alipofika nyumbani, mke alikuwa amekwenda saluni. Akashusha mfuko wa khaki kutoka rafu ya juu, akamwaga unga wa Kipimo kwenye kopo akalipeleka kibandani, akatia wake, akakunja mdomo mara mbili. Mikunjo ilikaa sawasawa. Ana mikono mizuri, hilo huwezi kumnyima.

Jumapili mke akaoka. Unga wa mchele, mayai, hamira, ndizi moja mbivu ya kushikiza, kwenye ile oveni ndogo ya mezani. Mkate ukainuka. Akakata kipande cha moto, akapaka siagi yake, akatafuna akiwa amefumba macho. Fundi amesimama mlangoni.

"Mmh," mke akasema. "Leo Kipimo amejishinda mwenyewe."

Unaona? Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Kinywa alikifungua kabisa. Lakini sifa zilikuwa zimekwenda kwa Kipimo kwa nguvu namna hiyo, akatamani zizidi kidogo ili atakapozinyang'anya zimwume Kipimo vizuri. Akasema moyoni, acha ale cha pili. Mke akala cha pili. Jua halijazama vizuri, mke akaanza kushika tumbo.

Jumatatu hakwenda kazini. Jumanne hakwenda. Kuhara, kichwa, vidonda mdomoni, mwili wote kama umepigwa. Fundi alibeba maji, alibadilisha shuka, alikaa ukingoni mwa kitanda. Jumatano mke akainuka, akajikokota mpaka jikoni, akashusha mfuko wa khaki, akautazama.

"Ni huu," akasema. "Sikula kitu kingine. Kipimo amenichanganyia."

Nilimwuliza Fundi alisikia nini saa ile. Alizima mashine kwanza. "Nilisikia utamu," akasema. "Mungu anisamehe. Mke wangu anatetemeka, mimi nasikia utamu. Kwamba leo yule bwana ameanguka, tena bila mimi kumsukuma."

Bila kumsukuma, eti.

Mke akamtumia Kipimo ujumbe wa mstari mmoja. Nusu saa haikupita, Kipimo yuko mlangoni, duka amelifunga mchana kweupe. Hakuingia mpaka alipokaribishwa mara mbili. Akaomba mfuko. Akavaa miwani, akatazama mwandiko, akachukua unga kwa vidole na kuusugua.

"Mfuko ni wangu," akasema. "Mwandiko ni wangu. Dada, sijui imetokeaje. Nimetafuta kichwani tangu nitoke dukani, sioni nilipokosea. Lakini kama umeugua, basi nimekosea mimi. Nisamehe sana."

"Nilikuamini, kaka," mke akasema.

"Najua, dada." Akamgeukia Fundi, ambaye alikuwa ameegemea jokofu. "Shemeji, nisamehe na wewe. Nimekuumizia mtu wako."

Fundi akasema, "Haya, bahati mbaya." Maneno matatu. Aliyatoa kama mkubwa anayesamehe.

Baada ya hapo ungedhani amani ingekuja. Ujumbe haukuja tena, "karibu shemeji" haikusikika tena, Kipimo akipita anasalimia kwa kichwa na kuendelea. Fundi alikuwa amebaki peke yake uwanjani. Akasubiri mke amgeukie yeye.

Mke hakugeukia mtu. Alirudi kwenye viazi vya kuchemsha na mayai ya kuchemsha, vitu vyenye ganda, vitu ambavyo hakuna mkono uliopita ndani yake. Asubuhi viazi, mchana viazi kwenye kikopo kazini, jioni viazi. Siku ya tisa Fundi akamkaangia mayai kwa kikaango cha mke mwenyewe, mafuta mapya, chumvi mpya, akamletea na kitambaa juu. Mke akayatazama.

"Asante, baba. Nitachemsha mwenyewe."

"Huniamini? Mimi mumeo?"

"Siyo wewe. Kama Kipimo, na mizani yake yote ile, ameweza kunidhuru, mtu gani mwingine hawezi? Simwamini mtu. Nimechoka kuamini."

Kwa hiyo kumtoa Kipimo kulikuwa kumemtoa na yeye. Alikula yale mayai peke yake, yamepoa, akiwa amesimama.

Bado hakusema, na hapa ndipo ninapotaka kumpiga kofi. Alichofanya kwanza ni kwenda kwa msagaji kutafuta kitu cha kumfaa. Alitaka aambiwe kwamba hata Kipimo husaga vilevile, nyuma ya mtu yeyote, na kwamba siku zote ilikuwa bahati tu. Angesikia hivyo, angelala usingizi.

"Kipimo?" mama wa mashine akacheka, unga ukamdondoka kwenye nyusi. "Kipimo simsahau. Anakuja alfajiri, kabla sijamhudumia mtu. Ananifungulisha mashine, anapiga brashi mwenyewe, amepiga magoti pale. Halafu anasaga kilo tatu za mchele wake, zote anawapa kuku wangu. Ndipo anasaga zile za kuuza. Nikamwambia, kaka, unatupa mchele. Akasema siyo kutupa, anaosha mashine."

"Kila mara?"

"Kila mara, miaka miwili sasa. Anao watu watatu wenye matumbo hayo, kuna dada mmoja wa shule, kuna mzee, na kuna mtoto wa fundi cherehani. Lakini ameacha. Alipita juzi akasema hasagi tena, ana mkosi. Kuku wangu wamenuna."

Fundi alirudi kwa miguu. Wivu aliokuwa nao mwanzo ulikuwa mdogo, alisema, ulikuwa wa mwanamume kumwonea mwanamume mwenzake. Huu wa sasa ulimzidi kimo. Miaka miwili alikuwa akichungulia kama yule bwana anamtamani mkewe. "Afadhali angekuwa anamtongoza," aliniambia. "Ningempiga, tukamaliza. Sasa mtu anampigia mke wako magoti alfajiri, na wala mke hajui, wala hakumwambia. Mimi hata kisu nilikuwa nafuta kwenye suruali."

Alimkuta mke anamenya viazi. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Unga ule haukuwa wa Kipimo. Ulikuwa wangu."

Kisu kikasimama. "Wako vipi?"

"Nilisaga mimi. Nikautia kwenye mfuko wake. Nilitaka usifu kwanza, halafu nikwambie."

"Ulisaga nyuma ya nani?"

Swali hilo hakulitegemea. Alitegemea kelele. "Mama mmoja. Alikuwa na ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Ngano."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukamimina." Hakuuliza, alikuwa anayapanga mambo yalivyofuatana. "Mashine yako pale kibandani unaipiga mswaki kila ufunguo, maana unga wa shaba ukibaki utaharibu ufunguo wa mtu. Ufunguo wa mtu usiyemjua. Mimi ukanimiminia."

"Nilikuwa na wivu, mama."

"Na alipokuja kuomba msamaha hapa? Ulikuwa umeegemea jokofu. Bado wivu?"

"Zaidi."

Mke akafuta mikono, akavaa viatu. "Twende. Na usivae hilo koti zuri, hatuendi kuposa."

Dukani walikuwepo wateja wanne. Fundi alitumaini mke angesubiri watoke. Mke akamsukuma mgongoni kwa kidole kimoja. Fundi akasema yote, sukari ikiwa inapimwa, na sauti yake ilivyo kavu waliokuwa nje pia walisikia. Kipimo hakuinua macho mpaka mizani ilipotulia. Akafunga sukari, akampa mwenyewe, akavua miwani.

"Nilimwaga unga wote uliokuwa dukani," akasema. "Siku tatu nimesugua rafu. Nilikwenda kwa yule fundi cherehani, mama wa mtoto, nikamwambia asinunue tena kwangu, mkono wangu una kasoro. Mtoto akalia, alikuwa ameahidiwa keki." Akaifuta miwani. "Kwake utakwenda wewe, shemeji. Umwambie kama ulivyoniambia."

"Nitakwenda."

"Leo."

"Leo."

Mteja mmoja, mwanamke wa maharage, hakuweza kuvumilia. "Mwanamume mzima unaonea wivu unga? Na sisi wenye waume wasiojua hata jiko liko wapi tuseme nini?" Duka likacheka. Mke wa Fundi hakucheka.

"Kaka," akamwambia Kipimo, "nilikutumia mstari mmoja tu. Miaka miwili yote, mstari mmoja."

"Ulikuwa unaumwa, dada."

"Hata hivyo."

"Jumanne nitasaga," Kipimo akasema, akarudia mizani yake.

Fundi alikwenda kwa fundi cherehani jioni ileile, akatukanwa mlangoni mbele ya majirani na akastahili. Siku hizi Jumanne alfajiri yuko kwenye mashine, amepiga magoti na brashi, Kipimo amesimama juu yake na tochi akimwonyesha alikoruka. Bado anaitwa shemeji. Anabeba mfuko mwenyewe mpaka nyumbani, umekunjwa mara mbili, na kwenye rafu ya juu anaruhusiwa kuuweka.

Mke amenenepa kidogo, nywele zimerudi kujaa. Anakula chakula cha mumewe tena, lakini si kabla ya swali. Kila sahani, hata ikiwa ni yai, anaishika pembeni na kumtazama usoni: "Umekifanyia nini?" Naye lazima aseme yote, kisu kipi, mafuta yapi, chumvi ya kopo lipi, amesimama kama yuko mbele ya hakimu. Akimaliza, mke anakula. Ni miezi minane sasa.

Kipimo haulizwi. Akileta kitu mwenyewe, mke anapokea mlangoni, anasema asante kaka, na anakifungua pale pale na kuonja kwa kidole.